Pensheni si posho

Mfanyakazi wa reli wa hapa Kamina, Kongo, anapokaribia umri wa kupumzika huogopa mambo mawili yanayopingana: kustaafishwa, na kutostaafishwa. Akistaafishwa, jina lake linatoka kwenye orodha ya mishahara na kuingia kwenye foleni ya wanaongojea dekonti finali, ile hesabu ya mwisho inayojumlisha miezi ambayo hakulipwa, likizo ambazo hakupewa na malipo ya kufunga kazi yanayotajwa katika mkataba wa pamoja. Foleni hiyo huweza kumla mtu miaka. Asipostaafishwa, anaendelea kwenda kazini na mvi zake kwa kuwa kampuni haina fedha ya kumfungia hesabu, na mtu asiyefungiwa hesabu hakubali kirahisi kutoka kwenye daftari la kazi. Wala hali hii si ya SNCC, shirika la reli la taifa, peke yake. Wako walimu waliopita miaka 70 ambao bado wanashika chaki, na wako makarani wa serikali waliotimiza muda wao zamani ambao bado wanapiga mihuri. Mgeni asiyejua mambo anaweza kudhani Wakongo wanapenda kazi kupita kiasi.

Hofu hizo mbili, kwa maoni yangu, zina mzizi mmoja. Sheria yetu inaitambua pensheni kama haki ya mtu aliyechangia. Mazoea yetu, kuanzia kwa wakurugenzi hadi kwa wastaafu wenyewe, yanaichukulia kama fadhila ya mkubwa kwa mtu wake wa zamani. Fadhila haina tarehe. Hutolewa mtoaji akijaliwa, na anayeichelewesha haitwi mdaiwa. Deni lina tarehe, lina kiasi, na lina mtu wa kuulizwa. Mpaka tuhame kutoka huku kwenda kule, kwa maneno na kwa matendo, kila mageuzi ya mfuko wa jamii yatabadilisha vibao vya milangoni tu.

Neno lenyewe limebeba mabishano haya tangu mbali. Warumi walisema pensio kwa maana ya malipo, kutokana na kitenzi pendere, kuning'iniza kitu kwenye mizani. Kabla sarafu hazijaenea, mlipaji alipima shaba mbele ya mlipwaji, wote wawili wakiangalia. Kodi ya nyumba ilikuwa pensio. Fungu la deni linalolipwa kwa awamu lilikuwa pensio. Hakukuwa na uzee ndani ya neno hilo, wala huruma. Mzizi huo ndio uliozaa dépense ya Kifaransa, ambayo mama yeyote wa sokoni Katanga anaitaja anapohesabu matumizi, na ndio uliozaa pansioni ya bweni, yaani ada anayotoa mgeni au mwanafunzi ili alale na kula. Unalipa, unapewa. Waliolipindisha neno ni wafalme wa Ulaya. Wao walianza kuita pensheni yale mafungu waliyowapa washairi, wajane wa makabaila, mawaziri waliochoka na watu waliohitaji kunyamazishwa. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza London mwaka 1755, alilieleza neno hili kwa dharau: pato lisilo na kazi, ujira wa kibaraka wa serikali anayeisaliti nchi yake. Miaka saba baadaye mfalme George wa Tatu akamtengea yeye mwenyewe pensheni ya pauni 300 kwa mwaka. Akaipokea. Maadui zake hawakumwachia, ingawa mimi sioni ubaya: kamusi ile ilikuwa kazi ya kulipwa mara mia.

Upande wa watu wa kazi, maana ya kwanza haikufa. Ufaransa ya miaka ya 1670, chini ya waziri Colbert, ilianza kukata sehemu ya ujira wa mabaharia ili kuwatunza walioumia na waliozeeka. Bismarck alipopitisha sheria ya pensheni Ujerumani mwaka 1889, alitaka watatu wachangie: mfanyakazi, mwajiri na dola. Umri uliwekwa miaka 70, nao wengi hawakuufikia. Bismarck hakuwa mtu wa huruma, alikuwa anawapokonya wasoshalisti hoja. Lakini nia yake haina uzito hapa. Kilicho muhimu ni kwamba mfanyakazi aliyekatwa kila wiki alianza kushika kadi yenye alama za michango yake, na mtu mwenye kadi kama hiyo haombi, anadai.

Reli iliyotuletea mji huu ilifuata njia ya wafalme. Kampuni ya BCK iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, kisha ikavutwa kupitia Kamina hadi Ilebo, wakati huo ikiitwa Port-Francqui, ambako ilizinduliwa mwaka 1928. Mwaka 1956 ikaongezwa njia ya kwenda Kabalo, na Kamina ikawa njia panda ya reli kati ya Lubumbashi, Kasai na ziwa Tanganyika. Kampuni haikulipa mshahara peke yake. Ilitoa nyumba katika kambi, zahanati, shule ya watoto, na posho, yaani unga na vyakula vingine vilivyogawiwa kulingana na ukubwa wa familia. Union Minière ilifanya vivyo hivyo kule migodini. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi ameandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2001, juu ya jinsi wafanyakazi wa migodi walivyoiona kampuni kama baba, na jinsi walivyojiona watoto walioachwa baba huyo alipofilisika. Watu wa reli walilelewa hivyo hivyo. Baba analisha, baba anavisha, baba anatibu, na mtoto mwema hamwulizi baba hesabu.

Hapo ndipo tulipopotoshwa, na posho ndiyo ushahidi. Posho haikuwa zawadi hata kidogo. Ilikuwa sehemu ya ujira iliyotolewa kwa unga badala ya franka, na kampuni iliiandika kwenye gharama zake za kazi kwa umakini kuliko mfanyakazi alivyoihesabu nyumbani. Mtu alikuwa anapimiwa mshahara wake mwenyewe kwenye mizani huku akifundishwa kushukuru. Siku ya mwisho ya kazi, nyumba, daktari na unga vilikatika pamoja, na mzee akarudi kijijini bila kujua kwamba alikuwa ameacha nyuma malipo yaliyokuwa yake. Kizazi kilichorithi akili hiyo ndicho kinachopokea pensheni leo, na ndiyo maana tunasikia mstaafu akisema "wametukumbuka" pale anapopata fungu la miezi aliyodai kwa miaka. Mwenye duka akilipwa deni lake hasemi amekumbukwa.

Utawala wa Wabelgiji, kwa upande wake, ulijua vizuri tofauti kati ya fadhila na deni, na uliitumia. Dikrii ya tarehe 6 Juni 1956 iliwapa wafanyakazi Wakongo mpango wao wa kwanza wa pensheni wa jumla, miaka minne tu kabla ya uhuru. Waajiriwa wa Kizungu walikuwa na bima yao tangu miaka ya 1940. Sheria za koloni hazikuwaita kwa jina moja: Mzungu alikuwa mwajiriwa, Mwafrika alikuwa mtu wa kazi, na kila mmoja alikuwa na mfuko wake. Kisha, tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kamili kabla ya sherehe za uhuru Kinshasa, bunge la Ubelgiji lilipitisha sheria iliyoweka mifuko ya waajiriwa wa Kongo na Ruanda-Urundi chini ya dhamana ya dola ya Ubelgiji. Hesabu za mifuko ile zikahamia Brussels, na malipo yakawa jukumu la hazina ya Ubelgiji, lolote litakalotokea Kongo. Mfuko wa watu wa kazi ulibaki hapa. Tarehe 29 Juni 1961 uliunganishwa na mifuko mingine kuunda INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, katika nchi iliyokuwa imeshapoteza Katanga kwa kujitenga na waziri mkuu kwa kuuawa.

Tafakari watu wawili waliofanya kazi kwenye gare ileile ya Kamina mwaka 1959, mmoja akitia saini ratiba, mwingine akifunga mabehewa. Wa kwanza alizeeka na pensheni iliyolindwa kwa sheria. Wa pili alizeeka na namba katika daftari. Wapo wanaosema hiyo ni historia, tuiache. Naitaja kwa sababu inajibu swali moja ambalo huulizwa kana kwamba halina jibu: je, inawezekana pensheni ya mtu wa reli ya Kongo kulindwa dhidi ya vita, mapinduzi na kuporomoka kwa fedha? Iliwezekana. Ilifanyika kwa waajiriwa wa reli hiihii, kwa sababu kuna dola iliyokubali kuandika kwamba inadaiwa.

Sasa tumfuate yule wa pili kwa karibu, au tuseme mdogo wake aliyeajiriwa mwaka 1965 akiwa na miaka 20. Aliajiriwa na KDL, jina ambalo kampuni ilikuwa imeshalichukua, na makato yake ya kwanza yaliandikwa kwa franka. Mwaka 1967 franka 1,000 zikawa zaire 1. Mwaka 1971 jimbo lake la Katanga likaitwa Shaba. Mwaka 1972 Rais Mobutu akaamuru watu waache majina ya Kikristo, hivyo aliyeajiriwa kama Joseph akawa na jina jingine kwenye kitambulisho na jina lake la zamani kwenye faili. Mwaka 1974 kampuni ikawa SNCZ. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya 1, na mwaka uliofuata bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1995 usafiri ukakabidhiwa Sizarail, kampuni ya ubia na Waafrika Kusini. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila akaingia madarakani, Sizarail ikavunjwa, jina likawa SNCC. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka 1. Mwaka 2005 mtu wetu anatimiza miaka 60 na faili lenye kampuni nne, fedha nne na majina mawili, na karani anamwambia alete uthibitisho kwamba yote hayo ni mtu mmoja.

Piga hesabu ya fedha hizo. Franka 1 ya mwaka 1998 ni sawa na zaire mpya 100,000; hizo ni zaire za zamani bilioni 300; hizo nazo ni franka za mwaka 1965 trilioni 300. Maana yake ni kwamba mfuko ungeweza kuwa mwaminifu kama malaika, ukatunza kila senti ya makato ya mtu huyo, ukamrudishia yote kwa hesabu iliyoandikwa, na asingepata hata thamani ya kiberiti. Hakuna haja ya mwizi katika hadithi hii, ingawa wezi hawakukosekana. Daftari liliandika namba, na namba iliachwa ioze. INSS yenyewe ilijua hatari hiyo, kwani sehemu ya akiba yake iliiweka kwenye majengo. Majengo yalishika thamani. Haki za waliochangia ziliandikwa kwa fedha iliyokuwa inayeyuka. Ndiyo maana naona neno la Warumi bado lina la kutufundisha: walipima uzito, wala hawakusoma tu alama iliyochorwa juu ya chuma. Pensheni isiyofuata bei za sokoni haijalipwa, hata kama risiti ina saini.

Hoja ya kwanza ya kunipinga naijua, nayo ni nzito: fedha hazipo. SNCC imekuwa na vichwa vya treni vichache, reli chakavu, na malimbikizo ya mishahara ya wale walio kazini. Utamlipaje mzee ilhali kijana anayesukuma mabehewa leo hajalipwa? Sikatai ufukara huo. Lakini tazama nini hutokea mtu mwenye nguvu anapoamua kwamba wazee wanazuia biashara. Mwaka 2003 na 2004 kampuni ya migodi ya Gécamines iliwaaga wafanyakazi 10,655 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ukigharamiwa na Benki ya Dunia. Walipewa fungu la mkupuo mmoja, wengi wakiwa na madai ya miezi mingi isiyolipwa, na mwaka 2009 baadhi yao walipeleka malalamiko hadi Jopo la Ukaguzi la benki hiyo, wakisema walichopewa hakikufikia walichodai kisheria. Kwa upande wa reli, mradi wa usafiri ambao benki hiyohiyo iliuidhinisha mwaka 2010 ulitenga sehemu ya fedha kwa ajili ya kuwastaafisha watu wa SNCC waliopita umri. Kwa hiyo fedha hupatikana. Hupatikana wakati mzee anapohesabiwa kama mzigo wa kuondolewa, na hukosekana wakati anapokuja kama mdai. Tena hupatikana kama mkopo ambao wajukuu wake watausaidia kuulipa.

Na ufukara haufuti swali la makato. Chini ya sheria ya tarehe 15 Julai 2016, iliyofungua njia ya INSS kuwa CNSS na kuweka umri wa pensheni kuwa miaka 60 kwa wanaume na wanawake, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni, na mwajiri huongeza asilimia 5. Asilimia 5 ya kwanza haikuwa ya mwajiri hata kwa saa moja. Mwajiri yeyote anayeikata kwenye karatasi ya mshahara asiipeleke kwenye mfuko wa pensheni ameshika fedha ya mtu mwingine, na kumwita mwajiri huyo "maskini" au "asiye na uwezo" ni kumpa jina zuri mno. Mfanyabiashara anayekula fedha ya mteja hujibu mahakamani. Sijui kwa nini anayekula uzee wa karani apelekewe barua za kumsihi.

Hoja ya pili husema: kampuni iliyomwajiri mzee ilikufa, hii ya sasa ni nyingine. Kwa jinsi kibao kilivyobadilishwa, kuanzia BCK hadi SNCC, mtu angeweza kushawishika. Lakini reli zilirithiwa, nyumba za kambi zilirithiwa, viwanja vilirithiwa, na hakuna aliyesema vimekufa na kampuni. Jirani zetu wa mashariki walilipitia jambo hili kwa uchungu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na pamoja nayo shirika la reli, la bandari, la posta na la ndege. Ilichukua hadi mwaka 1984 kwa Kenya, Uganda na Tanzania kutia saini makubaliano ya kugawana mali na madeni, yakiwemo mafao ya wafanyakazi. Mali ilitumika tangu siku ya kwanza. Madeni yalingoja, na huko Dar es Salaam wazee wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wanakwenda mahakamani na barabarani zaidi ya miaka 20 baada ya saini hizo. Somo ninalolichukua ni moja: mrithi wa mali asiyetajwa kwa jina siku ileile kuwa mrithi wa deni hatajitaja mwenyewe baadaye.

Kuna hoja ya tatu, ambayo huonekana ya heshima kuliko zote: Mwafrika pensheni yake ni watoto. Mzee wa Kiluba hafi njaa kwenye ukoo wake. Pensheni ni mambo ya Wazungu waliotupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Ningeiheshimu hoja hii zaidi kama wanaoisema wangekuwa ni watoto wanaolipa. Kwa kawaida anayeisema ni yule anayedaiwa. Na mtiririko wa fedha katika nyumba za Kamina mara nyingi unaelekea upande mwingine: mzee mwenye hata kidogo ndiye anayelipa masomo ya wajukuu, ndiye anayepokea binti aliyerudi na watoto watatu, ndiye nyumba yake inayogeuka makao ya vijana wasio na kazi. Ukoo haukosi moyo. Unakosa mshahara, kwa sababu watoto wa watu wa reli walitegemea reli. Pensheni isipolipwa, haimwachi mzee mikononi mwa ukoo. Inaunyang'anya ukoo mtu wake mmoja aliyekuwa na kipato cha uhakika.

Mjane naye hubeba hoja hiyo kwa uzito wake wote. Mahari ilitolewa mbele ya koo mbili, ameishi na mumewe miaka 30 katika kambi ya kampuni, watoto wamezaliwa kwenye zahanati ya kampuni. Mume anapokufa, ofisi inauliza cheti cha ndoa, cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto walio chini ya umri, na majina yote yalingane herufi kwa herufi. Ndoa ya kimila isiyoandikishwa kwa mwandishi wa raia haimfikishi mbali. Shemeji wanaweza kuwa wameshafika ofisini kabla yake. Hapa mila na ofisi, badala ya kukamilishana kama tunavyosifu, zinamwachia mjane mwanya katikati, na fedha ya marehemu inabaki mfukoni mwa wengine.

Hoja ya nne ndiyo inayonisumbua kweli. Wenye haki ya pensheni katika jimbo letu la Haut-Lomami ni wachache. Wengi ni wakulima wa mihogo na mahindi, wavuvi wa maziwa ya Upemba, wauzaji wadogo wa sokoni, watu ambao hawajawahi kuona karatasi ya mshahara. Kwa nini kurasa za gazeti zijae kilio cha watu wa reli, ambao angalau walikuwa na nyumba ya matofali? Sina jibu la kuwaridhisha wote, ila nasema mawili. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumpa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la, kwa fedha ya serikali yenyewe. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini mkulima wa karafuu na mwalimu mstaafu wa umri mmoja walisimama mstari mmoja. Huo ni mfano unaofaa kuutazama, na kwa jimbo kama letu huenda siku moja ndio utakaofaa zaidi. La pili ni kwamba dola ambayo haijaweza kumlipa mtu iliyemkata kwa miaka 40, ikiwa na jina lake, namba yake na saini yake, haiwezi kuaminiwa na mkulima ambaye haina hata jina lake. Anayetaka pensheni ya wote ana kila sababu ya kuanza kwa kuwabana wanaodaiwa na wachache.

Kutoaminiana huko ndiko kunakoeleza pia ubishi wa mkupuo na mwezi. Wataalamu wengi wa mifuko hupenda mstaafu alipwe kidogo kidogo hadi kifo; wastaafu wengi hutaka fungu kubwa mara moja, na wataalamu huwaona hawana nidhamu. Tanzania ilipounganisha mifuko yake mwaka 2018 na kushusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25, kelele za kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, zilikuwa kubwa hata Rais Magufuli akaamuru mwezi Desemba mwaka huohuo kanuni za zamani zirudi hadi 2023. Mimi nawaelewa waliopiga kelele, na namwelewa zaidi mzee wa Kamina. Mtu aliyeona franka trilioni 300 zikigeuka moja hafanyi ujinga anapochukua chake leo na kununua mabati. Anafanya hesabu kwa takwimu alizonazo. Mkitaka apende malipo ya kila mwezi, mwezi wenyewe uwe na thamani iliyoahidiwa.

Serikali imeanza kusogea. Kwa muda mrefu pensheni za watumishi wake zililipwa moja kwa moja na hazina, bila michango, yaani kwa mtindo uleule wa mfalme na mtu wake. Mwezi Desemba 2015 ukaundwa mfuko wao, CNSSAP, ambao watumishi wanauchangia. Huo ni mwelekeo sahihi, na wanaonung'unikia makato wajue kwamba makato ndiyo yanayowapa mdomo wa kudai. Lakini mchango usioonekana hauzai mdai. Mfanyakazi wa CNSS au wa CNSSAP angepaswa kupokea, kila mwaka akiwa bado ana nguvu na cheo, karatasi moja inayosema: jina lako kama lilivyo kwenye faili ni hili, waajiri wako walikuwa hawa, miezi iliyopelekwa na mwajiri ni hii, miezi iliyokatwa bila kupelekwa ni hii, na ukistaafu leo ungepata kiasi hiki, ambacho ni sawa na mifuko mingapi ya unga kwa bei ya soko la Kamina mwezi huu. Kosa la jina lingerekebishwa mwaka wa tatu wa kazi badala ya mwaka wa 40. Mwajiri mdaiwa angejulikana akiwa bado na mali. Mke angeona jina lake au angeona halipo. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki yoyote wala sheria mpya. Inahitaji karani, rejesta iliyopangwa, na mkurugenzi asiyeogopa kuandika kiasi anachodaiwa.